Akiba Haiozi: Uduvi wa Dimbwi Linalokauka

Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki tunayakumbuka madimbwi ya masika. Wiki hii ardhi ni kavu na imepasukapasuka, wiki ijayo maji yamejaa, na siku chache baadaye kuna vidudu vinaogelea ndani yake. Tulipouliza vimetoka wapi, tuliambiwa vimeanguka na mvua. Jibu hilo bado nalisikia kwa watu wazima huku ughaibuni, na si jibu la kijinga. Mtu aliyeliona dimbwi limekauka kwa miezi minane, ng'ombe wakipita juu yake na vumbi likipeperuka, angefikirije kwamba wanyama wale walikuwa humo humo muda wote?

Lakini walikuwemo. Walikuwa mayai yaliyolala kwenye tope kavu, kila moja dogo kama chembe ya vumbi, yakisubiri maji. Mmoja wa wanyama hao ni uduvi mdogo ambaye Waingereza wamempa jina la wale viumbe wa hadithi za watoto, wadogo wenye mabawa, kwa sababu ya jinsi anavyoelea majini kana kwamba hana uzito. Mimi hapa nitamwita uduvi wa madimbwi. Yupo karibu kila pembe ya dunia tunakoishi: Uingereza, Marekani, Rasi ya Arabuni, na nyumbani Afrika.

Anaogelea chali

Uduvi wa madimbwi ni jamaa wa mbali wa kamba na kaa tunaowapika. Kundi lake kisayansi huitwa Anostraca, na lina aina zaidi ya 300. Wengi wao wana urefu wa sentimita 1 hadi 3. Tofauti na kamba, mwili wake hauna gamba gumu la kumkinga, na mara nyingi ni mwangavu kiasi kwamba unaweza kuona chakula kikipita tumboni.

Ana macho mawili yaliyokaa juu ya vikonyo, na aina nyingi zina jozi 11 za miguu bapa kama majani. Miguu hiyo haisimami. Inapiga kasia kwa mawimbi kutoka mbele hadi nyuma, na kwa mwendo huo mmoja anafanya kazi tatu: anaogelea, anavuta oksijeni kutoka majini, na anachuja chakula, yaani mwani mdogo, bakteria na mabaki ya majani yaliyooza. Kwa samaki, kupumua ni kazi ya matamvua na kuogelea ni kazi ya mapezi na mkia. Kwake yeye vyote viko miguuni.

Jambo linalowafurahisha watoto zaidi ni kwamba anaogelea chali, tumbo likiwa juu. Anajielekeza kwa mwanga. Ukimweka kwenye chombo cha kioo ndani ya chumba chenye giza, kisha ukamulika taa kutoka chini, hujigeuza, kwa kuwa anachojua ni kuelekeza tumbo kwenye mwanga.

Dume hutambulikana kwa vipapasio vikubwa kichwani vinavyofanana na koleo, ambavyo humshikia jike wakati wa kupandana. Jike ana mfuko wa mayai nyuma ya miguu yake. Maisha yao ni mafupi, wiki kadhaa hadi miezi michache tu, na karibu nguvu zao zote hutumika kutengeneza mayai.

Ukoo wao ni wa kale mno. Katika kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire, huko Scotland, kuna miamba yenye umri wa takriban miaka milioni 400, na ndani yake kumehifadhiwa mnyama mdogo aliyepewa jina Lepidocaris, anayefanana sana na uduvi hawa. Aliishi kwenye vidimbwi karibu na chemchemi za maji moto, zama ambazo dinosaria walikuwa bado hawajatokea.

Kwa nini dimbwi lazima likauke

Mnyama huyu hana gamba, hana sumu, hana miiba na hana mbio. Mahali penye samaki ni mlo tu. Amewezaje basi kudumu muda wote huo? Jibu ni kwamba anaishi mahali ambapo samaki wengi hawawezi kuishi. Kiangazi kinapokausha dimbwi, samaki hufa na wadudu wengi wawindaji huruka kwenda kwingine. Mvua inaporudi, uduvi ndio wa kwanza kuamka, na kwa wiki kadhaa dimbwi ni lao.

Kwa maneno mengine, ukame ambao sisi tunauona ndio kifo cha dimbwi, kwake ndio ukuta wa nyumba. Mtu akilichimba dimbwi hilo liwe bwawa la kudumu, akatia samaki kwa nia njema kabisa, uduvi watatoweka ingawa maji sasa ni mengi kuliko zamani.

Kuna samaki wachache waliojifunza hila hiyo hiyo. Wa jamii ya Nothobranchius wanaishi kwenye madimbwi ya muda ya Afrika Mashariki na Kusini, na mmoja wao, Nothobranchius guentheri, ni mwenyeji wa Unguja. Nao hutaga mayai ardhini, hufa dimbwi likikauka, na watoto wao huanguliwa mvua ikirudi. Wanapokutana na uduvi katika dimbwi moja, huwala. Kwa hiyo uduvi hukimbizana na mambo mawili: jua linalokausha maji, na midomo inayokua siku hadi siku.

Ndiyo maana baadhi yao hukua kwa haraka ya ajabu. Juu ya vilima vya mawe kusini mwa Afrika kuna vidimbwi vinavyodumu siku chache tu, na humo anaishi Branchipodopsis wolfi, anayeweza kupevuka na kuanza kutaga kwa takriban wiki moja. Ndugu yake wa Uingereza, Chirocephalus diaphanus, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1803, anaishi kwenye maji ya baridi na huchukua muda mrefu zaidi.

Kukauka bila kufa

Sasa tufike kwenye yai lenyewe, ambalo kwangu mimi muuguzi ndilo linalonishangaza kuliko yote. Ndani ya yai kuna kiinitete kilichoanza kukua, kikafika hatua fulani, kikasimama. Gamba gumu hukizunguka. Kisha maji hutoka karibu yote, na kazi za mwili husimama kabisa.

Kwa binadamu na wanyama wengi, chembe hai ikikaukiwa hivyo huharibika: protini hupoteza umbo, kuta za chembe hupasuka, na maji yakirudi hakuna wa kuyapokea. Viinitete hivi vinajikinga kwa sukari iitwayo trehalosi, iliyotengenezwa kwa glukosi mbili zilizounganishwa. Maji yanapoondoka, sukari hiyo hushika nafasi yake kuzunguka protini na kuta za chembe, kisha huganda kama kioo, kila kitu kikabaki mahali pake. Maji yakirudi, kioo huyeyuka na kazi huanza pale ilipoachwa.

Wanaochunguzwa zaidi katika jambo hili ni Artemia, tawi la ukoo huu linaloishi kwenye maji ya chumvi kali. Mwaka 1997 mwanasayansi James Clegg wa California alitoa matokeo ya mayai ya Artemia yaliyokaa miaka 4 majini bila oksijeni yoyote, na bado viinitete vilikuwa hai. Wodini mgonjwa akisimama moyo, tunahesabu dakika, kwa sababu ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika chache tu. Hapa tunazungumzia miaka. Na mwaka 1972 mayai ya Artemia yalipelekwa hadi anga za mwezi ndani ya chombo cha Apollo 16, ili wanasayansi wapime jinsi mionzi ya angani inavyodhuru uhai.

Sukari hii haikubaki dimbwini tu. Wale mnaofanya kazi hospitalini, au mliowahi kumsindikiza mama au dada kwenye matibabu ya saratani ya matiti, huenda mmeiona dawa iitwayo trastuzumab. Huja kama unga mkavu ndani ya kichupa. Muuguzi au mfamasia hutia maji safi ya sindano, kisha hukizungusha kichupa polepole bila kukitikisa, mpaka unga uyeyuke. Dawa yenyewe ni protini, na protini ikikaushwa ovyo huharibika. Moja ya vitu vilivyomo kwenye unga huo kuilinda ni trehalosi. Haitoki kwa uduvi, hutengenezwa viwandani kutokana na wanga, lakini kazi yake ndani ya kichupa ni ile ile inayofanya ndani ya yai.

Mkulima hamalizi mbegu zote mvua ya kwanza

Kukauka bila kufa ni nusu ya siri. Nusu ya pili ni kujua lini uamke. Mayai husoma dalili: maji mapya ya mvua yana chumvi kidogo, kuna mwanga, kuna joto linalofaa, kuna oksijeni. Dalili zikikutana, ndani ya saa au siku chache watoto wadogo kabisa huanza kuogelea.

Lakini mvua hudanganya, na kila mkulima wa nyumbani anajua hivyo. Inaweza kunyesha siku mbili, dimbwi likajaa, kisha jua likawaka wiki nzima. Kama mayai yote yangeanguliwa mara moja, vizazi vyote vingekufa siku hiyo kabla ya kutaga, na dimbwi lingebaki tupu milele.

Kwa hiyo hayaanguliwi yote. Mwaka 1985 mwanaikolojia Alan Hildrew alichapisha utafiti wake kuhusu uduvi aitwaye Streptocephalus vitreus katika dimbwi moja la mvua nchini Kenya. Dimbwi lilijaa na kukauka mara kwa mara, na kila lilipojaa, ni sehemu ndogo tu ya mayai yaliyoanguliwa. Mengine yalibaki yamelala topeni ingawa maji yalikuwa juu yake. Watafiti wa California nao waliona jambo hilo kwa aina za kwao. Mayai ya mama mmoja, yaliyotagwa siku moja, yakilowa pamoja, baadhi huamka na baadhi husubiri mvua ya pili, ya tatu, au ya mwaka mwingine.

Ndiyo hekima ya mkulima anayepanda sehemu ya mbegu na nyingine akaiacha ghalani. Mwaka mzuri anapata pungufu kidogo ya ambacho angepata kama angepanda zote. Mwaka mbaya ndio unaoonyesha faida yake. Wazee walisema akiba haiozi, na kwa uduvi msemo huo ni kweli hata kwa maana ya moja kwa moja, kwa kuwa akiba yao hukaa udongoni miaka mingi bila kuoza.

Wasafiri wasio na miguu ya nchi kavu

Madimbwi yametengana kama visiwa, na uduvi hawezi kutembea. Mayai ndiyo yanayosafiri. Upepo huyachukua pamoja na vumbi. Bata na ndege wengine wa majini hubeba tope miguuni, na mayai mengine hupita tumboni mwa ndege yakatoka salama. Kusini mwa Afrika watafiti walikuta mayai kwenye tope ambalo tembo walijipaka walipogaagaa, kisha wakalifuta kwenye miti mbali na maji.

Uingereza kuna msafirishaji wa namna ya pekee. Katika uwanda wa Salisbury Plain, ambako jeshi hufanya mazoezi, vifaru huchimba mitaro ardhini, mvua huijaza, na uduvi huishi humo. Kifaru kinapopita kwenye dimbwi moja kwenda jingine, hubeba tope lenye mayai. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mifugo na mikokoteni. Katika msitu wa New Forest, kusini mwa nchi, bado farasi na ng'ombe wanaozurura huru ndio wanaovurugavuruga tope la madimbwi.

Binadamu naye amewahamisha kwa makusudi. Miaka ya 1980 Artemia wenye asili ya Marekani walipandikizwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya, kaskazini mwa Malindi, kwa sababu watoto wao ni chakula bora cha vifaranga vya samaki na kamba wanaofugwa. Kaskazini-mashariki mwa Thailand, wanavijiji huwavua uduvi wa madimbwi na kuwapika.

Na malaria je?

Najua swali ambalo msomaji wa kwetu anataka kuniuliza. Muuguzi anawezaje kutetea madimbwi? Mbu wa malaria, hasa Anopheles gambiae, wanapenda kabisa vidimbwi vidogo vya mvua vinavyopigwa na jua, na kuanzia yai hadi mbu anayeruka huchukua wiki moja hadi mbili tu. Konokono wa kichocho wa jamii ya Bulinus nao wanaweza kuvumilia ukame topeni kama uduvi.

Jibu langu ni kwamba mashimo karibu na nyumba yafukiwe: shimo la udongo wa matofali, nyayo za ng'ombe kando ya bomba linalovuja, tairi na ndoo zilizoachwa nje. Katika hilo sina mjadala, afya ya mtoto hutangulia. Na watoto tunaowapeleka likizo nyumbani wasichezee maji yaliyotuama, hata wakiona viumbe wa kuvutia ndani yake.

Lakini dimbwi la porini, lililojaa na kukauka kila mwaka tangu enzi za mababu, ni jambo jingine. Ardhi yake ni ghala la mayai ya miaka mingi. Ndege wanaohama hula humo. Likifukiwa kwa ajili ya barabara au kiwanja, au likalimwa wakati wa kiangazi kwa sababu mtu ameona udongo mtupu, hasara haionekani siku hiyo. Huonekana mvua inaponyesha na hakuna kinachoamka.

Nchi tulizohamia zimejifunza hili baada ya kupoteza mengi. California, ambako sehemu kubwa ya madimbwi ya msimu imegeuzwa mashamba na majengo, aina 3 za uduvi hawa ziliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya serikali kuu ya Marekani mwaka 1994, na uduvi wa San Diego akafuata mwaka 1997. Uingereza, Chirocephalus diaphanus analindwa na Sheria ya Wanyamapori na Mashambani ya mwaka 1981. Ukimwona kwenye mtaro wa matembezini, mtazame, mpige picha, mwache. Kumchukua bila kibali ni kosa.

Jaribio la nyumbani

Familia haina haja ya kuvunja sheria ili kumwona. Maduka ya samaki wa mapambo huuza mayai makavu ya Artemia, na Marekani yameuzwa kama kichezeo cha watoto tangu miaka ya 1960 kwa jina la Sea-Monkeys. Hili ni jaribio zuri la likizo za baridi, hata kwenye fleti ndogo.

Chukua lita moja ya maji ya bomba yaliyokaa wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Koroga ndani yake gramu 25 hadi 35 za chumvi isiyotiwa madini joto. Weka chombo mahali penye mwanga na joto la nyuzi 25 hadi 28, kisha nyunyiza mayai kidogo sana, ncha ya kijiko inatosha. Ukiwa na pampu ndogo ya hewa itasaidia. Baada ya saa 24 hadi 48, zima taa za chumba na umulike tochi upande mmoja wa chombo. Nukta za rangi ya machungwa zitaanza kuufuata mwanga. Hao ndio watoto wa Artemia.

Ukitaka wakue, wape hamira kidogo sana iliyoyeyushwa, kiasi cha kuyatia maji ukungu mwepesi tu. Maji yakipungua ongeza yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haivukizwi. Baada ya wiki chache watafika takriban sentimita moja, na mtoto ataona miguu ikipiga kasia na tumbo likitazama juu. Osheni mikono mkimaliza, na msiwamwage mtoni wala ziwani.

Kabla ya kusafisha chombo, mwonyeshe mtoto mayai yaliyobaki bila kuanguliwa. Yakusanye kwa kitambaa, yakaushe vizuri, yafunge kwenye kichupa kikavu, andika tarehe juu yake. Likizo ijayo yatieni maji tena, mhesabu wangapi walikuwa wanasubiri zamu yao.